Baba aliosha kibuyu cha Mama kwa sabuni: kisa cha mgando, manjano na vidole vilivyovimba

Wakuu, wakubwa wote shikamooni, vijana mambo vipi.

Juzi kuna mdau alileta humu uzi wa vidonge vya manjano, eti vinamaliza maumivu ya viungo. Watu wakagawanyika. Wengine wakamwagia sifa, wengine wakamtolea povu kwamba ni tapeli. Mimi nilisoma kurasa zote bila kuandika neno, maana yale mabishano nimeyasikia nyumbani kwetu tangu nikiwa msichana.

Sasa nami naleta cha kwangu. Anayetafuta chai, yaani stori za kutunga, aende jukwaa lingine, hapa naandika kilichotokea kwetu Nyakato, Musoma, na kwa bibi yangu kule Butiama. Majina nimebadilisha kidogo, kwa sababu baadhi ya wahusika wana wajukuu humu ndani.

Mimi si daktari. Nimefundisha bailojia sekondari miaka mingi, kwa hiyo kiherehere cha kutaka kujua kwa nini ninacho, ila cheti cha kumtibu mtu sina. Muweke hilo akilini hadi mwisho.

Turudi nyuma. Ni ile miaka ya themanini, miaka ya foleni. Vijana hamuijui, mnaisikia tu. Chai unakunywa bila sukari, nguo unafulia kwa majani ya mpapai, unga ni ule wa njano kutoka nje, na mtu akitokea na kipande cha sabuni ya mche mtaa mzima unajua kabla hajafika mlangoni.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nipo nyumbani nasubiri majibu. Kaka yangu Magesa alikuwa kazini Mwanza. Nyumbani tukabaki watatu, Baba, Mama na mimi.

Baba alifanya kazi bohari ya shirika moja la umma. Mtu wa maneno machache. Mama alikuwa fundi cherehani, wa kutegemewa kweli kweli. Sare za shule, magauni ya kipaimara, kanzu za kwaya, vyote vilipita mikononi mwake. Cherehani yake ya kukanyaga ilikaa pale sebuleni chini ya dirisha, na Mama akiwa na hasira na mtu ulikuwa unaisikia kwa namna anavyoikanyaga.

Basi masika ya mwaka ule vidole vikaanza kuvimba.

Vilianza asubuhi tu. Anaamka, hawezi kukunja ngumi hadi jua lipande. Halafu ikawa mchana kutwa. Vifundo vikawa vyekundu, vya moto ukivigusa. Magoti nayo yakafuata. Watu wa kwetu wakasema ni baridi yabisi, na kila aliyepita akaacha ushauri wake mlangoni.

Zahanati tulienda. Mganga wa pale alimwangalia vizuri, akambonyeza vifundo, akaandika aspirini. Tatizo aspirini yenyewe haikuwepo. "Mama, mje tena sanduku la dawa likifika," akasema, na kwa kuwa hakuwa na cha kutupa akaongeza ushauri, "mpumzike, mle vizuri, na mzingatie sana usafi wa vyombo." Hilo la mwisho Baba alilishika kwa mikono miwili. Mtalikuta mbele.

Sasa mjue kilichokuwa kinamnyima Mama usingizi. Haikuwa maumivu.

Baba alikuwa na dada yake mkubwa, Shangazi Nyangeta, anaishi Nyasura, Bunda. Kwetu dada mkubwa wa baba akisema, baba anakaa kitako. Shangazi alikuja kumjulia hali Mama, akakaa, akanywa uji, akaiangalia cherehani imefunikwa kitambaa.

"Hii kitu inakaaga hivi hivi tu?" akauliza.

"Kwa sasa wifi, mikono haijakaa vizuri," Mama akajibu.

"Mimi nina binti pale nyumbani kajifunza kushona kwa masista, anashonea hewa. Na hii mashine ni kaka yangu alinunua." Akamgeukia Baba. "Wakati wa pamba kuna lori letu litaleta mzigo hapa Musoma. Likirudi Bunda linarudi tupu. Kama wifi atakuwa bado, libebe mashine."

Nilimwangalia Baba. Nikasubiri aseme kitu.

Akasema, "Tutaona wakati wa pamba."

Nilichukia sana. Mama alikusanya vikombe akaenda uani, na kwa vidole vile kikombe kimoja kikamponyoka kikavunjika. Ile cherehani ndiyo iliyomfanya aitwe Fundi badala ya mke wa fulani tu. Na ikishaenda Bunda, nani ataifuata?

Shangazi hakuwa mtu mbaya, wakuu, nisieleweke vibaya. Binti yake kweli alikuwa na mikono mizuri, na cherehani miaka ile madukani hamna.

Kwa hiyo ikawa mbio kati ya vidole vya Mama na msimu wa pamba.

Dawa ya kwanza ilitoka Kamunyonge. Huko alikaa rafiki yake Mama, Mama Zuhura, ambaye mume wake alikuwa mfanyabiashara wa viungo. Biashara yenyewe ilikuwa imelala kama nyingine zote, ila ndani mwake havikukosekana vifuko vya akiba. Akampa Mama manjano ya mizizi, tangawizi kavu na pilipili manga kidogo, vitwangwe pamoja.

"Chemshia kwenye maziwa, unywe yakiwa moto," akasema. "Bibi yangu magoti yalimsumbuaga, akawa anakunywa hii. Alikufa mzee sana, na alikufa anatembea."

Mama maziwa ya moto hapendi. Yanamletea kichefuchefu. Akafanya ujanja wake, akawa anakoroga ule unga kwenye mgando. Hapo ndipo kibuyu kinaingia.

Kibuyu cha Mama alikuja nacho kutoka kwao Butiama alipoolewa. Kile si chombo cha kununua sokoni. Kwao, mama mzazi anamkabidhi binti kibuyu kikiwa tayari na masalia ya maziwa ndani, na masalia hayo ndiyo mbegu. Ukimimina maziwa mabichi juu yake, yanaganda yenyewe. Hakioshwi kwa sabuni hata siku moja. Unasuuza kwa maji, unachukua kijinga cha mti maalumu kinachofuka moshi, unakisugulia ndani, unakung'uta majivu, basi. Ndiyo maana mgando wa kibuyu una ile harufu ya moshi na vidoadoa vyeusi, ambavyo watu wa mjini wanaviona uchafu.

Kingine, mwanaume hakigusi. Atakunywa kilichomo mpaka kiishe, lakini kushika kibuyu kukisafisha, hapana, hiyo ni aibu yake na ya mkewe.

Mimi ndiye nilikuwa nakisafisha kwa wakati ule, maana Mama kijinga kilikuwa kinamponyoka. Maziwa tulipata kwa jirani mwenye ng'ombe.

Basi Mama akawa anakunywa kikombe cha mgando wenye manjano asubuhi na jioni. Midomo ikawa ya njano, kucha za njano, kitambaa cha meza cha njano. Baba siku moja akamwambia, "Mama Magesa, ukikaa karibu na ule unga wa njano wa foleni nitakupima na wewe." Tulicheka mpaka machozi. Kwa Baba hiyo ilikuwa hotuba.

Na wakuu, vidole vikaanza kushuka.

Sisemi muujiza. Pole pole tu. Ule wekundu ukafifia. Asubuhi akawa anakunja ngumi mapema kuliko jana yake. Siku moja nikamkuta ameshika sindano ya mkono, anashikiza kifungo cha shati la Baba, ulimi umetoka nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Sikumsemesha. Nilirudi nyuma nikaenda kukaa uani, na nilikuwa na furaha kiasi kwamba nilimsalimia hata kuku.

(Hapa nipumzike kidogo niwaambie nilichokuja kukijua baadaye. Manjano yana kitu kinaitwa curcumin. Maabarani kimeonyesha kinapunguza ule moto wa mwili tunaouita inflammation. Ila kikiingia tumboni hakipenyi vizuri kwenye damu, na kinapenya afadhali kikiwa na pilipili manga na mafuta. Sasa jiulize, Mama Zuhura pilipili manga aliweka kwa nini? Nilimuuliza miaka mingi baadaye, akasema, "Bila pilipili haina ladha." Hivyo tu. Mgando nao una bakteria hai, na watu wa sayansi wanadadisi sana siku hizi namna bakteria wa tumboni wanavyohusiana na uvimbe wa mwili mahali pengine kabisa. Na si mgando peke yake. Ugali wetu wa udaga ni muhogo uliovundikwa, togwa imechachushwa. Tulikuwa tunakula vilivyochacha kutwa nzima bila kujua kwamba siku moja vitauzwa kwenye vichupa.)

Tuendelee.

Jumamosi moja Mama alikwenda Kamunyonge kufuata manjano. Mimi nilikuwa nimetumwa mashineni kusaga. Baba alibaki peke yake nyumbani, na siku hiyo alikuwa amerudi na sabuni. Mche mzima! Alisimama foleni ya duka la ushirika tangu alfajiri mpaka shati likagandamana na mgongo.

Narudi na unga kichwani, naingia uani, namkuta Baba amechuchumaa mbele ya karai. Mikono imejaa povu hadi viwikoni. Katikati ya magoti yake ameshika kibuyu cha Mama, anakitikisa kwa nguvu zote, ndani ametia maji ya moto, vipande vya sabuni na kokoto.

Unga ulitaka kunianguka.

"Baba!"

"Kilikuwa kichafu sana," akasema, hata hakuinua macho. "Ndani cheusi tii. Daktari si alisema vyombo? Mtu anaumwa halafu anakunywea uchafu huu?"

Angeosha kwa majivu ningeelewa. Lakini ile sabuni, wakuu, ile sabuni ambayo hata mashati yake ya kazini yalikuwa hayajaiona miezi, alikuwa amekatia kibuyu kipande kikubwa. Akasuuza mara nyingi, akakitundika juu ya ua kianikwe, mdomo chini, pale pale ambapo kila mpita njia anakiona. Alisimama anakiangalia kama mtu aliyemaliza kujenga nyumba.

Mama aliporudi alikiona kabla hajafika mlangoni. Akakishusha, akakinusa.

"Nani kaosha?"

Mimi nikatazama chini.

"Mimi," Baba akajibu.

Mama akamwangalia. Akaangalia karai, akaangalia mche wa sabuni uliopungua. Nilijua kinachokuja ni kilio au vita. Havikuja. Aliingia ndani na kibuyu chake, akafunga mlango wa chumba, akakaa humo mpaka ugali ukapoa.

Tulijaribu kumimina maziwa kesho yake. Hayakuganda, yalioza. Yalitoa harufu ambayo mpaka leo naikumbuka, nusu sabuni nusu kitu kilichokufa. Tukamwaga. Tukafukizia moshi, tukajaribu tena, yakaoza tena. Mama akajaribu kunywa manjano kwenye maziwa ya moto, yakamrudia. Akaacha vyote.

Na kabla muda mrefu haujapita, vidole vikarudi kuvimba.

Najua mtakachosema. Nitawasaidia kukisema. Wiki zile mvua zilikuwa kubwa na baridi. Mama mwenyewe, alipoona nafuu, alikuwa amejipa kazi za mkono kupita kiasi. Na magonjwa haya ya viungo yana tabia ya kupanda na kushuka yenyewe bila kumuuliza mtu. Yote hayo nayajua. Lakini pale nyumbani hatukuwa na hesabu hizo. Tulichoona ni kwamba kibuyu kimekufa na vidole vimevimba, na pamba imeanza kupasuka mashambani.

Nikasema tuombe mbegu kwa jirani. Mama akakataa kabisa. "Kibuyu kilitoka kwa mama yangu, mbegu inatoka kwa mama yangu. Siwezi kulea mtoto wa jirani humo ndani." Na yeye magoti hayamruhusu kusafiri.

Baba akasema, "Nitaenda mimi."

Wakuu wa Mara mmeshaelewa uzito wa neno hilo. Kwa wengine nifafanue. Kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawakai pamoja, hawatazamani usoni, hawali pamoja. Ni heshima kubwa sana. Sasa huyu Baba aende mwenyewe, mbele ya mama mkwe, akiri kwamba yeye mwanaume alishika kibuyu cha mkewe, akakiosha, akakiua. Ni bora angeambiwa avuke ziwa kwa mguu.

Tulikwenda wawili, mimi na yeye, tukapata lori hadi njia panda, kisha tukatembea. Nikaomba nibebe kibuyu. Akakataa. Alikifunga ndani ya koti lake la kazini akakikumbatia kifuani, na kila tuliyepishana naye njiani alimsalimia Baba kisha akalitazama koti. Baba jasho linamtoka. Mimi nilikuwa nabana kicheko hadi mbavu zinauma, na wakati huo huo namhurumia.

Bibi alipoambiwa mkwe amekuja, alibaki ndani. Baba akawekewa kigoda nje, akakaa kaupa mlango mgongo. Mimi nikasimama kizingitini kati yao. Walikuwa wanasikiana vizuri kabisa, lakini adabu ilitaka maneno yapite kwangu. Waliongea kilugha, nawaandikia kwa Kiswahili.

"Mwambie mkwe wangu, amekuja na heri?"

"Baba, Bibi anauliza kama ni heri."

"Mwambie ni heri. Ila kibuyu yake haigandishi tena."

"Bibi, kibuyu hakigandishi."

"Mwambie, mtoto wangu alikifanya nini?"

Baba akalivuta lile koti lenye kibuyu karibu zaidi na kifua.

"Mwambie si yeye. Ni mimi niliosha."

Sikuhitaji kurudia. Kisha Bibi kwa sauti ya chini, "Muulize aliosha na nini."

"Na sabuni," Baba akasema kabla sijamgeukia.

"Sabuni?" Hapa Bibi akasahau adabu, akasogea mpaka karibu na mlango. "Sabuni ya kweli? Ya dukani? Muulize aliipata wapi! Mimi hapa tangu mwaka jana nafulia majani!"

"Alisimama foleni, Bibi. Alfajiri."

"Akaosha nayo kibuyu."

"Ndiyo."

"Kibuyu ya mwanangu."

"Ndiyo, Bibi."

Nikamsikia anaanza kucheka. Kicheko cha chini kwanza, kikapanda, akakaa kitako sakafuni anacheka huku anajifuta macho na ncha ya kitenge. Baba nje amekaza mgongo kama ubao. Kisha Bibi akanyamaza, akavuta pumzi, akasema neno ambalo mimi wakati ule nililiona la kawaida tu.

"Mwambie mkwe wangu nimeona."

Akanyanyuka, akaingia chumba cha ndani, akarudi na kibuyu chake mwenyewe. Si kipya. Kile anachotumia yeye, chenye mkanda wa ngozi uliong'aa kwa kushikwa, maziwa yamejaa hadi shingoni. Akanipa.

"Hicho cha sabuni aniachie. Nitakichomea moshi mpaka kisahau. Na mwambie," akaongeza, sasa ana tabasamu zima usoni, "ile sabuni iliyobaki aniletee."

Tukarudi. Mama alipokiona kibuyu cha mama yake alikibusu. Akaanza tena mgando na manjano yake. Baba alitafuta siku, akapeleka Butiama kipande cha sabuni kilichobaki, chote, na mashati yake yakaendelea na majani ya mpapai.

Sasa mnataka kusikia kwamba Mama alipona, Shangazi akaja akamkuta anashona kama cherehani ya umeme. Ningeandika hivyo uzi ungependeza zaidi. Ila niliahidi ukweli.

Lori la pamba lilikuja asubuhi ya baridi. Vidole vilikuwa vimepungua, lakini asubuhi ile vilikuwa vigumu. Shangazi akaingia, akasalimia, akasema bila kuzunguka, "Wifi, hebu shona nione."

Uzi wa kushonea hatukuwa nao, madukani hakuna. Mama alikuwa amefumua nyuzi nyembamba kutoka kipande cha wavu alichopewa na wavuvi. Akajaribu kutunga sindano ya cherehani. Ikamshinda. Akajaribu tena. Nikasogea nikamtungia, macho yananiuma kwa machozi. Akachukua kitenge cha Shangazi kilichochanika pindo, akakanyaga.

Cherehani ikalia. Sijawahi kusikia sauti nzuri hivyo. Lakini mshono ukaenda kombo, ukapanda, ukashuka.

Shangazi akauinua kwenye mwanga wa dirisha. "Hii ni mshono ama njia ya ng'ombe?"

Mama akainamisha kichwa.

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Dada, mashine haiendi Bunda."

"Tulikubaliana wakati wa pamba."

"Nilisema tutaona. Nimeshaona. Mashine ni yake. Hata asiposhona tena, ni yake. Binti yako aje hapa, akae na sisi, ashone hapa na wifi yako amfundishe."

Shangazi alimwangalia mdogo wake, akaiangalia cherehani. Halafu akakunja kitenge chake, akasema, "Basi huu mshono nitavaa hivi hivi, niwaonyeshe watu wa Nyasura fundi wenu." Na kweli alikivaa, na binti yake alikuja, akakaa nasi mpaka alipoolewa.

Mengine nayafupisha. Ikaja miaka ya ruksa. Nyuzi za kila rangi zikajaa madukani, sabuni zenye manukato, mitumba, sukari ya kutosha. Mama akapata kazi nyingi ya kupunguza nguo za mitumba, na vidole vikawa vinapanda na kushuka lakini vinafanya kazi. Vidonge vya maumivu navyo vikawa vinauzwa kila kona. Alivimeza bila mpango, vikamtuliza haraka, vikamuunguza tumbo. Mwishowe hospitali kubwa wakampima ipasavyo, wakampa dawa za ugonjwa wenyewe, na hizo ndizo zilizomtengenezea miaka mingi mizuri. Mgando wa kibuyu hakuacha. Manjano hakuacha, ila alimweleza daktari wake kwamba anayatumia, kwa sababu nayo yanaweza kugongana na baadhi ya dawa.

Kwa hiyo nilichojifunza ni hiki. Mimea na vyakula vilivyochachuka vina kitu ndani, naamini hivyo, na wanaovichunguza hawapotezi muda. Ila mwaka ule nyumbani kwetu vilibadilika vitu vingi kwa mpigo. Mgando, manjano, tangawizi, mapumziko kwa kukosa uzi, chai bila sukari, mvua, na ugonjwa wenyewe kuamua kupoa. Ukiniuliza kipi kilishusha uvimbe, mwalimu wa bailojia mzima nakwambia sijui. Anayekuuzia kichupa akakwambia anajua hakika, muulize amejuaje. Na dawa ya hospitali usiiache kwa sababu ya uzi huu, tafadhali.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani. Mama yupo, mzee sasa, vidole vimepinda lakini kikombe anashika. Baba alishatutangulia. Nikamchokoza, nikamwambia, "Mama, watu mtandaoni wanabishana. Kilichokusaidia mwaka ule ni maziwa ya Bibi au manjano ya Mama Zuhura?"

Akafikiri, huku anakikung'uta kibuyu majivu.

"Hiyo sijuagi," akasema. "Mimi nilikuwaga siumwi na vidole sana kama nilivyokuwa naumwa na ile mashine. Kila nikilala naiona imepanda lori. Sasa siku ile nimerudi, nakuta baba yako, mwanaume mzima, ameosha kibuyu yangu na sabuni yake ya foleni, mchana, watu wanapita. Nilienda chumbani nikalia." Akacheka. "Wewe ulidhani nina hasira. Mimi nililala usingizi siku hiyo, mwanangu. Nilijua mashine haiendi popote."

Karibuni wakuu. Mwenye kibuyu cha kwao aseme kinafukiziwa mti gani, na daktari kama yupo humu anisahihishe nilipokosea.